Sanamu za kioo kati ya mishubiri: kuandaa maonyesho madogo ya bustani Nairobi

Kioo na mimea ya nchi kavu hupatana kwa sababu vyote vina mistari mikali. Mkonge una ncha, mpungate una kingo, na upepo ukivuma mimea hii haitikisiki ovyo. Kioo kikiwekwa kati ya majani mapana ya mgomba humezwa. Kikiwekwa kati ya mishubiri na changarawe tupu huonekana chote, kuanzia shina hadi ncha. Bustani ya Desert Botanical Garden iliyoko Phoenix, Arizona, iliyoanzishwa mwaka 1939, ilipanga sanamu za kioo za msanii Mmarekani Dale Chihuly kati ya mipungate yake kuanzia Novemba 2008 hadi Mei 2009, ikamwalika tena mwaka 2013. Maonyesho ya kwanza yalipofungwa, minara ya kioo cha kijani yenye miiba kama mkonge ilibaki langoni.

Mwongozo huu ni wa shule, kanisa, mkahawa au mwenye kiwanja Nairobi anayetaka kupanga maonyesho ya aina hiyo kwa kadiri ya mfuko wake. Vipimo vyote ni vya kiwanja cha mita 10 kwa 6 chenye vikundi vitatu vya matete ya chupa (mashina ya chuma yaliyovikwa chupa nchani), mipira kumi hivi ya kioo, na mimea isiyozidi 40. Wengi hununua kioo kwanza, kisha ndipo wanatafuta pa kukiweka, na hapo ndipo pesa inapotea. Kioo kiingie bustanini siku ya mwisho kabisa. Kabla yake kuna jua, udongo, mimea na zege, kwa mpangilio huo.

Hatua ya 1: Soma jua

Nairobi iko digrii 1 na dakika 17 kusini mwa ikweta. Mwezi Machi na Septemba jua la saa sita mchana liko karibu utosini. Mwishoni mwa Juni huinama digrii 25 hivi upande wa kaskazini, na mwishoni mwa Desemba digrii 22 hivi upande wa kusini. Kwa hiyo kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri mwanga huanguka kutoka juu, hupiga ngozi ya kioo na kumrudia mtazamaji kama mng'aro mweupe. Rangi hufifia, na mgeni hujiuliza amelipia nini.

Rangi ya kioo huwaka pale mwanga unapopita ndani yake ukitokea nyuma na kumjia mtazamaji. Saa zake ni mbili: kuanzia saa moja hadi saa tatu asubuhi, na kuanzia saa kumi hadi jua kuzama. Huku kwetu jua hushuka karibu wima, kwa hiyo ule mwanga wa dhahabu hauchukui muda mrefu. Kama wageni wako watakuja jioni, lango liwe mashariki na njia ielekee magharibi, ili kila kioo kiwe kati yao na jua. Kama ni wanafunzi wa asubuhi, geuza.

Kabla hujachora chochote, chukua chupa ya kijani, ichomeke kwenye ncha ya fimbo ya mita moja na nusu, na utembee nayo kiwanjani saa kumi na moja jioni huku mwenzako akisimama pale njia itakapopita. Kila mahali chupa inapowaka, piga kigingi. Fanya hivyo siku mbili, kwa sababu mti wa jirani au ghorofa hukata mwanga ghafla dakika chache tu baada ya wewe kupiga kigingi. Hakuna programu ya simu inayoshinda zoezi hili.

Angalia pia kilicho nyuma. Kioo cha kupitisha mwanga kikisimama mbele ya ua mzito wa kaiyaba hugeuka cheusi. Kipandishe juu ya ua ili nyuma yake pawe anga, au mahali hapo weka kioo kizito kisichopitisha mwanga, ambacho rangi yake iko juu ya ngozi. Ukuta mweupe ulio mita mbili nyuma ya kioo hufanya kazi nzuri mno. Hukusanya mwanga na kuurudisha kupitia kwenye kioo hata mchana. Na usiogope mawingu ya Julai. Mwanga wa siku za mawingu hauna mng'aro, na picha hutoka vizuri saa yoyote.

Hatua ya 2: Jua udongo ulioukanyaga

Upande wa Embakasi, Athi River na Kitengela una udongo mweusi, ule unaoshika viatu mvua ikinyesha. Kuelekea Westlands na Kiambu udongo ni mwekundu. Tofauti hiyo ndiyo itakayoamua kama sanamu zako zitasimama wima mwaka ujao.

Udongo mweusi huvimba ukilowa na husinyaa ukikauka, hadi nyufa zake wakati wa kiangazi humeza kidole. Nguzo iliyochimbiwa humo Februari ikiwa wima huwa imeinama mvua ya masika inapoisha. Watu hudhani fundi alilipua kazi, kumbe ni ardhi iliyosogea. Dawa ni kuondoa udongo huo mahali pa kila msingi kwa kina cha sentimita 60 na upana unaozidi msingi kwa sentimita 20 kila upande. Kwenye kina hicho rudisha sentimita 30 za maramu, yale mawe mekundu ya barabarani, kwa tabaka za sentimita 10. Kila tabaka linyunyizie maji na ulishindilie hadi kisigino kisiache alama. Zege hukaa juu ya maramu hayo. Msingi wa namna hii bado unaweza kusogea kidogo, lakini husogea wote kwa pamoja, na kuunyoosha ni kazi ya dakika chache.

Kwenye udongo mwekundu chimba sentimita 40, weka 10 za kokoto chini, kisha zege.

Kwa sanamu moja isiyozidi mita moja kuna njia rahisi zaidi: ndoo ya lita 20 iliyojazwa zege. Ina uzito wa karibu kilo 48, huzikwa nusu, na ikiinama unaichimbua na kuiweka upya.

Hatua ya 3: Tuta na mimea

Mvua ya Nairobi kwa mwaka ni zaidi ya mara nne ya ile ya Phoenix. Ndiyo maana mimea ya nchi kavu hapa haifi kwa kiu, hufa kwa kuzama. Shina hulainika karibu na udongo, hugeuka kahawia, na mmea hulala ubavuni. Ukiona hivyo mizizi imeshaoza na hakuna mbolea itakayouokoa; kata sehemu ya juu iliyo ngumu, iache kivulini wiki moja ikauke kidonda, kisha uipande upya.

Inua tuta sentimita 40 juu ya ardhi na ulipe mteremko. Mchanganyiko ni sehemu moja ya udongo mwekundu, moja ya mchanga mkavu wa mtoni wenye chembe kubwa, na moja ya mawe mepesi ya volkano au kokoto ndogo kabisa. Usitie samadi mbichi. Mimina debe la maji juu ya tuta: yakisimama zaidi ya dakika moja, ongeza mchanga. Juu ya tuta tandaza changarawe unene wa sentimita 4. Kwa mita 40 za mraba zinazobaki baada ya kutoa njia, hiyo ni tani mbili na nusu hivi. Changarawe ya rangi ya kijivu ni bora kuliko nyeupe, kwa kuwa nyeupe hung'aa na kugombana na kioo.

Mimea iliyozaliwa Kenya inatosha kabisa: mishubiri ya aina mbalimbali, mikonge pori yenye majani ya mistari, waridi la jangwani, na yuforbia zenye matawi kama kinara cha mishumaa. Inunue kitaluni. Mishubiri yote isipokuwa ule wa dawa, Aloe vera, iko kwenye orodha ya mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, na kuing'oa porini ni kuimaliza. Dungusi aina ya Opuntia stricta usiipande hata ukipewa bure: imeshaharibu malisho ya wafugaji Laikipia, na ndege na wanyama hubeba mbegu zake. Mnyaa ni mzuri kama ua wa nyuma, lakini utomvu wake ukiingia jichoni huunguza na unaweza kupofusha kwa muda, kwa hiyo uwe mbali na njia, na anayeupogoa avae miwani.

Panda kwa kufikiria ukubwa wa mmea uliokomaa. Mkonge wa bustani wenye majani ya buluu, ambao kitaluni unatosha kwenye mkebe, unaweza kufikia upana wa mita mbili. Jani lake halivunji kioo siku moja. Hukisukuma milimita kwa milimita hadi kianguke usiku usio na upepo. Acha sentimita 30 kati ya ncha ya jani la mmea mzima na kioo kilicho karibu. Kisha subiri. Mimea ikipewa miezi mitatu kushika mizizi kabla ya kioo kuja, hutahitaji kuingia na koleo katikati ya sanamu.

Hatua ya 4: Chagua kioo na ukipime

Kioo chakavu kinapatikana. Upande wa Kitengela, kusini mwa Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, zipo karakana zinazoyeyusha vioo vya madirisha na chupa na kuvipuliza upya, na wasanii wake hupokea kazi za kuagizwa. Kwa kikundi cha matete, chupa za kawaida za mililita 750 zinatosha ukizipanga kwa akili.

Kioo kilichopulizwa lazima kiwe kimepozwa polepole katika tanuri, kuanzia nyuzi 500 hivi za Selsiasi kushuka, kwa saa nyingi. Kikipozwa haraka, nje hukakamaa wakati ndani bado kuna joto, na mvutano hubaki humo. Kioo hicho hupasuka chenyewe, pengine wiki tatu baadaye, asubuhi yenye baridi. Mvutano huo unaweza kuuona. Washa skrini ya kompyuta ya kawaida ya LCD iwe nyeupe. Vaa miwani ya jua yenye lenzi za polaraizi na uinamishe kichwa, au uizungushe miwani, hadi skrini iwe nyeusi. Sasa weka kioo kati ya skrini na miwani. Kioo kilichotulia hubaki cheusi au cha kijivu hafifu. Madoa meupe makali au upinde wa rangi, hasa kwenye shingo na penye unene unaobadilika ghafla, ni mvutano. Kirudishe karakanani kikapashwe na kupozwa upya.

Vilivyopita mtihani huo viweke nje wiki mbili ndani ya sanduku lenye mchanga, mbali na watu, vipigwe na jua la mchana na mvua ya usiku. Kitakachopasuka kipasukie huko. Kwa kazi ya nje usikubali ukuta wenye unene chini ya milimita 4. Mvua ya mawe ya Nairobi haibembelezi.

Kuhusu rangi, ushauri wetu ni mkali. Buluu ya kobalti hushinda rangi zote kati ya mimea ya kijivu na maua ya rangi ya chungwa ya mishubiri. Kahawia ya asali hufaa karibu na majani ya buluu ya mkonge. Kijani cha chupa, kinachotokana na madini ya chuma ndani ya kioo, hupotea kati ya majani. Kiweke juu kabisa, penye anga nyuma. Na usichanganye rangi zaidi ya mbili katika kikundi kimoja. Kikundi cha rangi tano hufanana na duka la vinywaji.

Hatua ya 5: Matete ya chupa

Haya ni mashina ya chuma yanayobeba chupa zilizogeuzwa mdomo chini. Vikundi ni vitatu, kila kimoja chupa 8, jumla 24. Vifaa:

- nondo za milimita 10, nne, za mita 12 kila moja
- bomba la chuma la nusu inchi lililopakwa zinki, mawili ya mita 6
- saruji mifuko mitatu ya kilo 50 (itakayotumika ni miwili na kidogo)
- mchanga na kokoto
- paipu laini ya plastiki, kipenyo cha ndani milimita 10 na cha nje 14, mita 8
- silikoni ya nje, mirija miwili
- tyubu chakavu ya baiskeli
- rangi ya kuzuia kutu na rangi nyeusi isiyong'aa

Kata nondo vipande 8 vya mita 2 na 16 vya mita 1.5. Usikate vyote urefu mmoja. Urefu ukilingana, kikundi hugeuka kuwa uzio. Paka rangi ya kuzuia kutu mara mbili, kisha nyeusi. Nyeusi isiyong'aa hufanya shina lipotee na chupa ibaki ikielea.

Kata bomba vipande 24 vya sentimita 40. Kwenye mdomo wa chini wa kila kipande fundi achomelee kijiti cha chuma kikatize katikati. Kijiti hicho huzuia nondo kuzama lakini huacha maji yapite. Bomba likizibwa chini hujaa maji, na nondo huoza kwa kutu mahali usipopaona.

Kwa kila kikundi tengeneza kisanduku cha mbao cha sentimita 60 kwa 60, kina 30. Panga mabomba 8 humo bila mistari iliyonyooka, umbali usiopungua sentimita 17 kutoka katikati ya moja hadi katikati ya lingine. Chupa ya mililita 750 ina upana wa sentimita 7 na nusu hivi, na nondo yenye urefu wa mita moja na nusu juu ya ardhi huyumba kwa upepo. Zikikaribiana zaidi ya hapo zitagongana. Kila bomba lijitokeze sentimita 5 juu ya zege na 5 chini yake, ndani ya kokoto au maramu. Mimina zege la moja kwa mbili kwa nne: saruji, mchanga, kokoto. Kabla halijashika, chomeka nondo katika kila bomba na uhakikishe kwa timazi kwamba imesimama. Bomba lililopinda digrii mbili tu hupeleka chupa pembeni sentimita tano na zaidi kule juu. Mwagilia zege siku saba. Usilipe uzito kabla ya hapo.

Sasa ncha ya nondo. Chuma kisiguse kioo popote. Vika ncha paipu ya plastiki ya sentimita 30, izidi ncha ya nondo kwa sentimita 2, na ujaze sehemu hiyo iliyozidi kwa silikoni. Iache mpaka ikauke hadi ndani. Hicho ndicho kitako laini kitakachobeba chupa kwa ndani. Shingoni funga tyubu ya baiskeli juu ya paipu mpaka chupa iingie kwa kuteleza bila kulazimishwa. Midomo ya chupa hutofautiana, pima kila moja. Usiibane kabisa: hewa ya ndani ikipata joto lazima itoke, na mvuke unaoganda usiku lazima udondoke. Chupa iliyozibwa hubaki na ukungu ndani ambao hutaweza kuusafisha.

Mwisho, nondo ikishakaa ndani ya bomba, jaza pengo kwa mchanga mkavu na uukandamize kwa waya. Mchanga hushika vizuri kuliko mtu anavyodhani, na siku ya kubadilisha chupa unaitingisha nondo inatoka. Watu wanaomimina saruji humo hujuta chupa ya kwanza ikivunjika.

Tikisa kila shina kwa mkono, kwa nguvu, kabla ya kuvika chupa. Likigonga la jirani, punguza urefu.

Hatua ya 6: Mipira, na hatari ya moto

Hapa soma polepole. Mpira wa kioo usio na uwazi ndani ni lenzi. Hukusanya jua mahali palipo nusu ya nusu kipenyo kutoka kwenye ngozi yake: mpira wenye kipenyo cha sentimita 10 huchoma sentimita mbili na nusu tu nyuma yake. Majani makavu yakiwepo hapo, saa tano ya mchana wa Februari inatosha kuanzisha moto. Mpira mtupu wa kupulizwa hauna tabia hiyo, lakini ukijaa maji ya mvua unaigeuza kuwa yake: wenye kipenyo cha sentimita 30 na maji tele hukusanya jua sentimita 15 hivi kutoka kwenye ngozi.

Kwa hiyo mipira isiyo na uwazi ikae juu ya changarawe tupu, nusu mita kutoka kwenye mmea wowote na kutoka kwenye mbao, na kila Jumatatu mtu aondoe majani yaliyopeperushwa hapo. Afadhali zaidi, chagua kioo cheusi au cha rangi nzito ambacho hakipitishi mwanga. Mipira mitupu iwe na tundu chini, kamwe si juu. Maji yaliyotuama huleta pia mbu, na wageni hawarudi mahali walipoumwa.

Kila mpira uweke juu ya pete ya paipu ya plastiki iliyofichwa ndani ya changarawe. Bila pete huviringika mvua kubwa ikisomba changarawe.

Hatua ya 7: Njia na watu

Njia iwe na upana wa mita 1.5, ili kiti cha magurudumu kipite na mtu mwingine apishane nacho. Ishindilie kwa maramu na vumbi la mawe. Kati ya ukingo wa njia na kioo acha mita moja kamili. Mkono wa mtu si adui mkubwa. Kinachovunja kioo ni begi la mgongoni la mtu anayegeuka, na mtu anayerudi nyuma huku akijipiga picha. Kwa sababu hiyo tengeneza mahali pa kupigia picha wewe mwenyewe: panua njia mara mbili mahali pawili penye mwonekano mzuri, weka jiwe kubwa au benchi nyuma ya mpiga picha, na uhakikishe nyuma ya benchi hakuna kioo.

Kibao cha "Usiguse" hakitoshi. Weka mezani, langoni, kipande kizito cha kioo kilichosuguliwa kingo, na uruhusu kila mtoto akishike, akipime uzito, aangalie kupitia kwake. Akishashika pale, hamu hupungua. Kundi la wanafunzi lisizidi 15 kwa zamu, mwalimu mmoja mbele na mwingine nyuma, mabegi yote yaachwe langoni.

Karibu na Karura na maeneo mengine yenye miti, tumbili watakuja. Huvutwa na matunda na mahali pa kukalia. Usipande chochote chenye tunda la kuliwa karibu na kioo, na usiache bamba bapa juu ya sanamu.

Hatua ya 8: Taa

Kama utafungua usiku, tumia taa za LED za volti 12, wati 3 hadi 7, mwanga wa joto wa kelvini 3000, zenye mwale mwembamba wa digrii 15 hadi 24. Taa iwe chini, nyuma ya kioo, ikielekezwa juu, na ifichwe na mmea ili balbu isimpige mgeni machoni. Taa mbili kwa kila kikundi zinatosha. Giza kati ya vikundi ndilo linalofanya kioo kionekane. Zile taa ndogo za sola za kuchomeka ardhini hazina nguvu ya kupenya kioo kinene, zitumie kuonyesha ukingo wa njia tu. Balbu za halojeni usizitumie: joto lake upande mmoja wa kioo baridi hukipasua. Waya unaobeba umeme wa nyumbani hadi kwenye transfoma uwekwe na fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, ndani ya bomba, kina cha sentimita 45, na uwe na swichi ya kukata umeme unapovuja.

Hatua ya 9: Kuosha na kukagua

Osha kioo alfajiri, kabla hakijapata joto. Maji baridi juu ya kioo kilichochomwa na jua tangu asubuhi huleta ufa, hasa penye unene tofauti. Tumia maji ya mvua ukiwa nayo. Maji ya kisima cha kuchimbwa huacha madoa meupe yanayozidi kuwa magumu kila yanapokauka. Yafute kwa siki, sehemu moja kwa kumi za maji, kisha suuza mara moja na ukaushe kwa kitambaa laini. Siki isidondoke kwenye mimea. Wakati wa vumbi, Januari hadi Machi, osha kila wiki mbili. Msimu wa mvua mara moja kwa mwezi yatosha.

Kioo kikivunjika, funga sehemu hiyo kabla ya kufanya jambo lingine. Vaa glavu nene na viatu vya kufunika. Okota vipande vikubwa, kisha ondoa changarawe yote katika duara la mita moja na uitupe. Kuichambua ni kujidanganya. Rudi usiku na tochi, uilaze karibu na ardhi: vipande vidogo vilivyobaki vitametameta hata vile ambavyo mchana hukuviona. Viokote kwa udongo wa kufinyangia au kipande cha mkate laini. Ndipo urudishe changarawe mpya.

Mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Juni na katikati ya Januari, mvua zinapokuwa zimekatika, pita na pimamaji kwenye kila msingi na timazi kwenye kila shina. Msingi ulioinama upande mmoja uchimbe upande ulio juu, uondoe maramu kidogo kidogo kwa mtaimbo mpaka povu la pimamaji lirudi katikati, kisha shindilia pembeni. Toa chupa zote za kikundi hicho kwanza, uzipange ndani ya sanduku lenye mchanga kwa mpangilio uleule, na uziandike namba kwa chaki, kwa sababu urefu na rangi vikichanganyika itakulazimu kurudia zoezi la fimbo na chupa saa kumi na moja jioni.